Kuachana kwa Suluhu: Mwongozo kwa Wanandoa wa Funzi na Pwani ya Kusini

Kutoka kisiwa cha Funzi hadi kwa Kadhi wa Kwale ni safari ya kutwa. Mtu huvuka kwa mashua hadi Bodo, akapanda bodaboda hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, akashika matatu inayopita Msambweni na Ukunda, akateremka Kombani, kisha akatafuta nyingine ya kumpandisha Kwale mjini. Karani akimwambia kesi imeahirishwa, nauli imeshaliwa na siku ya bahari imepotea. Mke aliyekwenda kudai masurufu hurudi na deni la nauli juu ya madai yake. Mume naye, ambaye labda alikwenda kwa shingo upande, safari ya pili haendi.

Kwa hiyo watu wa kisiwani wana sababu ya fedha, mbali na ya dini na ya ujirani, ya kumaliza mambo yao kwa mazungumzo, na wengi huyamaliza hivyo. Wazee wa kusuluhisha hawajawahi kukosekana pwani. Kasoro iko kwenye kile kinachotoka kikaoni: maneno mazuri, Fatiha, kupeana mikono, na hakuna karatasi. Miezi sita baadaye baba anakumbuka alisema "nitasaidia nikipata", mama anakumbuka aliambiwa elfu tano kila mwezi, na mzee aliyeshuhudia amehamia kwa mwanawe Tanga. Mwongozo huu unahusu namna ya kukaa kikao kikazaa kitu ambacho mahakama inaweza kukisimamia.

Nguvu ya kikao inatoka wapi

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zihimize maridhiano, usuluhishi na njia za kijadi za kumaliza migogoro. Kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: njia ya kijadi isivunje haki za binadamu wala isiende kinyume na haki na maadili. Kifungu cha 170 kinampa Kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, mradi wote wawili ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Mamlaka hayo si zawadi ya juzi. Tarehe 5 Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walibadilishana barua ambazo ndani yake Kenya iliahidi kuzihifadhi mahakama za Kadhi katika ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani.

Kwa Mwislamu, kikao cha familia kina asili ya zamani zaidi ya hiyo. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa inaelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano, achaguliwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Mmoja na mmoja. Vikao vingi vya visiwani husahau hesabu hiyo: mke huketi peke yake mbele ya baba mkwe, ami wa mume, imamu ambaye ni binamu wa mume, na mzee wa mtaa. Halafu wote wanamwambia asubiri.

Neno hilo, subira, lina historia yake mahakamani. Mtafiti wa Marekani Susan Hirsch alifuatilia mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998. Aligundua kwamba wengi wa waliofungua madai walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Nyumbani mwanamke aliambiwa astahimili na afunike siri. Mbele ya Kadhi alisimulia, na kusimulia kukamsaidia. Mwanamke wa Funzi anayeogopa kwamba Kadhi ni mahakama ya waume angefanya vyema kulijua hilo kabla ya kukubali suluhu ya kumpunja kwa woga tu.

Nani aketi jamvini

Kisiwa ni kidogo na ndoa zimeingiliana. Karibu kila mzee ana damu au ukwe na upande mmoja, pengine na pande zote mbili. Hilo halimwondolei sifa moja kwa moja, lakini kuna watu wasiofaa kabisa. Tajiri anayenunua samaki wa mume na kumkopesha pesa za injini hafai, kwa kuwa ana maslahi kwenye chombo kile kile kitakachojadiliwa. Ndugu anayemdai mmoja wao hafai. Aliyewahi kumtolea mke maneno msikitini au kisimani hafai, hata awe na elimu kiasi gani.

Upande wa mke uchague mtu anayeweza kusema "hapana" mbele ya wanaume wazima na asitetemeke. Mara nyingi huyo ni mjomba, na kwa jamaa za Kidigo mjomba tangu zamani ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kuwe pia na mwanamke mtu mzima, shangazi au somo, kwa sababu yapo mambo ya chumbani ambayo mke hatayatamka mbele ya wazee na ambayo bila kutamkwa kikao kitakuwa kinatibu ugonjwa mwingine. Ikibidi, atafutwe msuluhishi kutoka nje ya kisiwa, Ramisi au Gazi au Msambweni, ambaye hana shamba wala chombo Funzi.

Mahali pia ni jambo. Nyumbani kwa mavyaa si uwanja wa haki. Siku nzuri ni Ijumaa baada ya swala, vyombo vingi vikiwa vimepumzika na watu wakiwa na wakati. Waliokusanyika wakubaliane kabla ya neno la kwanza kwamba yatakayosemwa hayatoki mlangoni. Kwenye kisiwa, kumwaga mtama mbele ya kuku wengi ni kuvunja suluhu kabla haijaanza.

Eda ni dirisha

Mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili, ndoa haijakatika mara moja. Mke huingia eda: tohara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na kwa mjamzito hadi ajifungue. Katika eda ya talaka rejea mke ana haki ya kukaa nyumbani mle na kupewa masurufu, na mume anaweza kumrejea. Watu wengi hukiona kipindi hicho kuwa cha kungoja tu. Kumbe ndicho kipindi bora cha kusuluhishana, maana pande mbili bado zina wajibu kwa kila mmoja na hakuna aliyeoa wala kuolewa kwingine.

Kosa la kawaida ni mke kufunga mizigo usiku ule ule na kurudi kwao. Huenda ana sababu, na kama anapigwa asisubiri hata saa moja. Lakini kama ni hasira tu, akiondoka anapoteza nafasi ya kuzungumza akiwa ndani ya nyumba inayozungumzwa.

Kosa jingine ni talaka isiyo na tarehe. Siku hizi hutumwa kwa ujumbe wa simu, hutamkwa bandarini mbele ya mabaharia, hupelekwa na mtoto. Aliyeipokea aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, maneno yenyewe, waliosikia. Ujumbe usifutwe. Eda huhesabiwa kuanzia hapo, na madai ya masurufu pia. Kisha talaka ifikishwe kwa Kadhi ili iandikwe, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 rekodi ya kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu inapaswa kumfikia Msajili wa Ndoa. Mwanamke aliyeachwa kwa mdomo tu, bila cheti, hupata taabu siku anayotaka kuolewa tena au kudai mirathi ya watoto wake.

Mke ndiye anayetaka kutoka? Ana milango miwili. Khului ni ya makubaliano: anarudisha mahari, au kiasi watakachoafikiana, na mume anamwacha. Hapo ndipo bei hupandishwa. Mume aliyetoa mahari ya shilingi elfu kumi miaka kumi na miwili iliyopita hudai arudishiwe elfu themanini, akijumlisha harusi, matibabu na hata chakula. Msuluhishi mzuri humrudisha kwenye swali moja: mahari ilikuwa ngapi, na je, ililipwa yote? Mahari iliyobaki deni haiwezi kurudishwa na asiyeipokea. Mlango wa pili ni kumwomba Kadhi aivunje ndoa kwa sababu kama kutelekezwa, kunyimwa matunzo au kudhuriwa. Huo hauhitaji ridhaa ya mume, na mke anayeujua hanyanyaswi kwenye mazungumzo ya khului.

Orodha ya mali, kimoja kimoja

Hapa ndipo vikao vingi huvunjika, na hapa ndipo penye kazi halisi. Kabla ya kuzungumzia nani achukue nini, watu wawili wanaojua kuandika waandike orodha ya kila kitu, na kila upande uweke saini kwamba orodha ni kamili.

Chukulia ndoa ya kawaida ya Funzi: mume mvuvi, mke mama karanga anayenunua samaki ufukweni, kuwakaanga na kuwauza. Wana nyumba ya matofali yenye mabati, imejengwa kwenye kiwanja cha familia ya mume. Wana mashua moja na injini, nyavu, friji, karai na sufuria za biashara, minazi kumi na minne, mbuzi sita. Wazee watasema haraka: nyumba na mashua ni vya mume, sufuria na mbuzi ni vya mke, tumemaliza. Hawajamaliza. Mabati ya ile nyumba yalinunuliwa kwa mkopo wa chama ulioandikwa jina la mke, na bado anaulipa kila Jumapili. Injini imekopeshwa na tajiri, na nusu ya deni imelipwa kwa pesa za samaki wa kukaanga. Minazi minane kati ya kumi na minne ilipandwa na mume kwenye shamba la wakwe zake. Pwani mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, kwa hiyo minazi hiyo ihesabiwe peke yake, itajwe ilipo, na iamuliwe kama mume ataendelea kuiangua au atalipwa thamani yake.

Madeni yaandikwe sambamba na mali. Suluhu inayogawa vitu na kuacha madeni humwacha mmoja, kwa kawaida mwanamke wa chama, akilipia paa asilolala chini yake.

Ushahidi upo, hata kwa watu wasiotunza risiti. Taarifa ya M-Pesa huombwa kwa kupiga *334# na huonyesha pesa zilizotumwa na kupokewa. Kitabu cha chama kina tarehe za mikopo. Kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) hujua chombo ni cha nani na kinashusha samaki kiasi gani. Fundi aliyejenga nyumba bado yupo na anakumbuka nani alimlipa.

Sheria inasemaje juu ya mgao? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi inayojulikana kwa herufi za wahusika JOO na MBO, kwamba usawa wa wanandoa katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kifungu cha 3 cha sheria ile ya 2013 kinamruhusu Mwislamu kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Wanandoa wanaosuluhishana wana uhuru mkubwa kuliko hakimu: wanaweza kukubaliana mke abaki nyumbani hadi mtoto wa mwisho amalize darasa la tisa, au mume abaki na mashua akimlipa mke fungu la kila mwezi. Hakimu mara nyingi hawezi kutoa amri nyembamba kiasi hicho.

Watoto: kusi na kaskazi

Katiba, Kifungu cha 53, inawabebesha baba na mama wajibu sawa wa kulea, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Katika fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtoto mdogo hukaa na mama, na akifika umri wa kupambanua, kama miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Matunzo humlazimu baba hata mtoto akiwa kwa mama.

Makubaliano mabaya husema: "Baba atatunza watoto kwa kadiri ya uwezo wake." Sentensi hiyo haina kiasi, haina tarehe wala njia ya kulipa, na hakuna mahakama inayoweza kuitekeleza. Makubaliano mazuri ya mvuvi huanza na bahari. Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo hutoka. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, siku nyingi vyombo hukaa pwani na mapato huanguka. Kumpangia kiasi kimoja mwaka mzima ni kumfanya awe mvunja ahadi kila Juni. Basi iandikwe, kwa mfano:

"Baba atatuma Sh6,500 kila tarehe 5 kuanzia Novemba hadi Machi, na Sh3,500 kila tarehe 5 kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa nambari ya M-Pesa ya mama. Ada na sare za Januari zitalipwa na baba kabla ya shule kufunguliwa. Za muhula wa pili na wa tatu zitagawanywa nusu kwa nusu. Watoto watakuwa kwa baba likizo ya Agosti na siku ya pili ya kila Idi."

Kiasi hicho ni mfano tu. Cha kufuata ni muundo wake: kiasi, tarehe, njia, msimu. Iongezwe sentensi ya matibabu: tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mzazi mmoja lazima awe ndiye aliyewaandikisha watoto kama wategemezi wake na kulipa michango, na mara nyingi wote wawili hudhani mwenzake amefanya hivyo hadi siku ya kulazwa hospitali ya Msambweni. Iongezwe pia nini kitatokea mmoja akihama, kwa kuwa vijana wa Funzi wanaofanya kazi kwenye hoteli za Diani huitwa na kupunguzwa kwa msimu, na wengine huvuka hadi Ghuba.

Makubaliano ya watoto yanaweza kuandikwa mbele ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo, bila wakili. Suala la iwapo Kadhi anaweza kuamua malezi na matunzo limebishaniwa Mahakama Kuu na majaji hawakusema kwa sauti moja. Aliye na makubaliano yenye saini ameuruka ubishi huo wote.

Usuluhishi wa mahakama

Kikao cha familia kikishindwa, kesi ikafunguliwa, mazungumzo hayajaisha. Tarehe 4 Aprili 2016 Idara ya Mahakama ilianza majaribio ya usuluhishi ulioambatanishwa na mahakama Milimani, Nairobi, katika vitengo vya familia na vya biashara vya Mahakama Kuu, kisha mpango ukaenezwa kaunti nyingine. Kesi ikifunguliwa huchunguzwa kama inafaa kusuluhishwa. Ikifaa, hupewa msuluhishi aliyeidhinishwa na kamati ya uidhinishaji iliyoundwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai, na pande mbili hazimlipi. Muda ni siku 60, unaoweza kurefushwa kidogo.

Msuluhishi si hakimu. Hatoi hukumu, hasemi nani ana makosa. Huwasikiliza wote pamoja, kisha anaweza kumwita kila mmoja faragha, na aliyoambiwa faragha hayapeleki upande wa pili bila ruhusa. Yanayosemwa mle hayawezi kutumiwa mahakamani baadaye. Mume anaweza kukiri kwamba ana mke wa pili Vanga, mke akakiri kwamba aliuza mbuzi kwa siri, na kukiri huko kusiwarudie. Wakiafikiana, makubaliano huandikwa, hutiwa saini na kupokewa na mahakama kama amri yake. Hayakatiwi rufaa, kwa hiyo asome mara mbili anayetia saini, na asiyejua kusoma asomewe na mtu wake mwenyewe, kwa lugha anayoifahamu, kabla kidole hakijatiwa wino.

Vipi waliosuluhishana nyumbani bila kesi? Kama walisaidiwa na msuluhishi aliyehitimu, Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 59D, inaruhusu makubaliano ya maandishi yasajiliwe mahakamani na yatekelezwe. Kama walisuluhishwa na wazee tu, njia rahisi ni kuyapeleka kwa Kadhi, au kwa hakimu kwa wasio Waislamu, wakayakiri mbele yake yakaingizwa kama maridhiano ya mahakama. Safari moja hadi Kwale, wote wawili wakiwa wameshakubaliana, badala ya safari za mwaka mzima.

Diani, na mawakili wasioweza kushtaki

Ndoa za Diani zina sura nyingine. Mmoja ni raia wa Ujerumani au Uswisi, mwingine ni wa Ukunda. Ndoa ilifungwa kiserikali. Pesa za jengo zilitoka Ulaya na kiwanja kikaandikwa jina la mwenyeji. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99, na hapo ndipo mabishano huanzia. Wazee wa mtaa hawawezi kulitatua hilo peke yao, na kesi yake inaweza kula jengo lenyewe.

Kwa watu hao iko njia iliyobuniwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1990 na wakili Stuart Webb, aliyechoshwa na kesi za talaka. Kila mwanandoa huajiri wakili wake, na wote wanne hutia saini mkataba: tutazungumza mezani, tutaonyeshana hesabu zote bila kuficha, na mazungumzo yakivunjika mawakili hawa wawili watajitoa, hakuna atakayeruhusiwa kumwakilisha mteja huyo mahakamani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho moyo wa mpango. Wakili asiyeweza kula kesi hana sababu ya kuipika. Kenya haina sheria mahsusi ya utaratibu huu, lakini hakuna kinachowazuia watu wazima na mawakili wao kuandikiana mkataba wa namna hiyo. Gharama ni ya mawakili wawili, kwa hiyo si ya kila mtu. Wenye ndoa za kiserikali wajue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoandikwa haikuweka talaka ya ridhaa. Hata walioafikiana yote bado walitakiwa kuthibitisha sababu kama ukatili, kutelekezwa au ndoa kuvunjika kabisa. Khului, ambayo watu wa Funzi wanaijua tangu utotoni, imetangulia mbele katika hilo.

Yasiyoketiwa

Kuna mambo ambayo kuyafanyia maslaha, yaani suluhu ya wazee, ni dhambi juu ya dhambi. Mtoto aliyenajisiwa hasuluhishiwi kwa mbuzi wala kwa ndoa. Ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na wazee wanaokusanyika kulizima wanajiingiza wenyewe kwenye kosa. Kuozwa kwa aliye chini ya miaka 18 pia hakuna kikao cha kukuhalalisha.

Kipigo ni jambo la namna hiyo hiyo. Mke anayemwogopa mumewe hawezi kujadiliana naye, atakubali lolote ili atoke chumbani. Aende kwanza hospitalini, aripoti polisi na kupewa fomu ya P3 ijazwe na daktari, kisha aombe amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani. Amri hiyo inaweza kumzuia mume kukaribia nyumba. Nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. FIDA Kenya na Kituo cha Sheria, zote zenye ofisi Mombasa, hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Mali na watoto vitazungumzwa baadaye, kupitia mawakili au msuluhishi anayewaweka vyumba mbalimbali.

Waliooana ng'ambo ya mpaka

Jamaa nyingi za Funzi, Shimoni na Vanga zina nusu yao Tanga na Pemba, na ndoa huvuka mpaka kama samaki. Aliyeolewa Tanzania Bara na kesi yake ikawa kule ajue tofauti moja kubwa: Kenya usuluhishi ni hiari kabla ya kufungua kesi, Tanzania Bara ni sharti. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inamzuia mtu kudai talaka mahakamani kabla ya shauri kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza kutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo masharti ya msamaha, mfano mwenzi aliyetoweka hajulikani alipo au anayeishi nje ya nchi. Asiye na hati hiyo hurudishwa mlangoni, hata awe amesafiri kutoka Bodo.

Aliyekubali akivunja

Mwezi wa kwanza bila malipo, mama amtumie baba ujumbe wa maandishi wenye tarehe na kiasi, bila matusi, kwa kuwa ujumbe huo utasomwa na mtu mwingine. Wa pili, waamuzi wale wawili wa familia wajulishwe. Pengine injini imeharibika na kiasi kinahitaji kupunguzwa kwa miezi mitatu, nayo iandikwe na kutiwa saini kama ya kwanza. Wa tatu, anayedai achukue nakala ya amri, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha miezi iliyorukwa, na kitambulisho, aende kwenye mahakama iliyopokea makubaliano na kuomba utekelezaji. Haanzi kesi upya wala hathibitishi tena ndoa, watoto au mapato. Aliyekaidi huitwa aeleze kwa nini asichukuliwe hatua, na kwa deni la matunzo hatua hiyo inaweza kufika hadi kifungo cha madai. Nakala za amri ziwe tatu: moja kwa kila mzazi, na ya tatu kwa mtu wa bara, kwa kuwa nyumba za kisiwani huvuja na karatasi zilizoliwa na mchwa hazimfai mtu mbele ya karani.